Droni za Nane Nane tunazishangilia, mtoto akisema anataka kusomea kilimo tunanuna. Tatizo nini?

#1 Mtoto wa Usangu
Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na matokeo yake si haba. Kwenye maombi ya chuo kaweka SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chaguo la kwanza: uhandisi wa umwagiliaji. Alipolisema hilo sebuleni, mama mdogo akauliza, "Ndiyo nini hicho, kuchimba mifereji?" Baba ambaye ametusomesha wote kwa mpunga wa Mbarali, hana biashara nyingine, akamjibu, "Sikukusomesha ili urudi tope."

Sasa baba huyohuyo, Nane Nane iliyopita pale viwanja vya John Mwakangale Mbeya, alisimama kwenye banda la droni ya kupulizia dawa mpaka tukamchoka. Inabeba lita ngapi? Betri inakaa muda gani? Ikianguka nani analipa? Akapiga picha akawarushia wenzake kwenye kundi la wasap la wakulima.

Kwa hiyo mashine tunaitaka, mtu wa kuijua hiyo mashine hatumtaki awe wa kwetu. Naombeni sababu, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Jembe Butu
Ngoja waje wenye shahada za SUA wanaoendesha bodaboda. Nimekaa paleee na karanga zangu.

#3 Mama Vitunguu
Mleta mada, jibu liko shule ya msingi. Ukichelewa namba, unapimiwa kipande ulime. Ukipiga kelele darasani, kufyeka. Ukikosa hesabu, shamba la mwalimu linakusubiri. Miaka saba jembe ni adhabu, halafu unakuja kuambiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mtoto gani atakubali?

Mimi nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, vimenijengea nyumba na vimesomesha. Lakini wanangu nikiwaambia twendeni shamba, wa kwanza kuuliza anauliza, "Tumefanya nini?"

#4 Mhenga wa Kibaigwa
Mama Vitunguu, umesema kweli ila umeanzia katikati. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 haikuweka shamba la shule liwe adhabu. Sisi tulikuwa na mwalimu wa kilimo, tunapanda kwa kamba na vipimo, mahindi yakivunwa tunayala wenyewe na mengine yanauzwa shule inanunua mpira. Mwaka 1972 likaja Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo, hata mjumbe wa nyumba kumi anajua nafasi kati ya mstari na mstari. Hali ilipobana miaka ya themanini chakula cha shule kikafa, shamba likabaki. Shamba lisilomlisha anayelilima, kazi yake nyingine ni ipi? Adhabu.

#5 Jembe Butu
Mzee wangu, nyie mlikula mahindi, sisi tukala viboko. Shikamoo lakini.

#6 Agronomia Bila Shamba
Nipo, Jembe Butu, na bodaboda nimeendesha kweli. Cheka ukimaliza nisome.

Kuna jambo halisemwi. Mtu akimaliza udaktari hakuna anayemuuliza hospitali yake iko wapi. Akimaliza sheria hakuna anayemuuliza mahakama yake. Mimi nilipomaliza agronomia, sayansi ya mazao, kuanzia kwa mjumbe mpaka kwa baba mkwe swali ni moja: "Shamba lako liko wapi?" Shamba natoa wapi? La ukoo liko kwa baba, naye yuko hai na Mungu ampe umri. Benki wanatangaza mkopo wa kilimo riba asilimia 9, ukifika dirishani unaulizwa hati. Kama ningekuwa na hati ningekuwa na njaa ya mkopo?

Kwa hiyo nikasimama duka la pembejeo. Wateja wananiita "dogo wa dawa". Ananiletea jani la nyanya lililokauka kwenye mfuko wa rambo, nikimwambia huu ni mnyauko bakteria, hauna dawa, ng'oa mche uchome, anaondoka anakwenda duka la pili kuuziwa chupa. Yule wa duka la pili ndiye "mtaalamu", kwa sababu alitoa dawa.

#7 Dalali Mstaafu
Mnazunguka mbuyu. Hakuna mtu anadharau kilimo, watu wanadharau umaskini. Nendeni Mtwara msimu korosho ikiwa na bei muone kama kuna kijana anauliza maana ya teknolojia. Mota ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, anaijua, anaifungua, anaifunga, anaikodisha. Hakuna semina iliyofanyika kumbadilisha mtazamo.

Halafu angalieni mbaazi. Mwaka 2017 India ilifunga mlango, bei ikaporomoka mpaka shilingi mia kadhaa kwa kilo, watu wakaacha mbaazi shambani zikakauka. Mleteeni huyo mkulima droni, mtamsaidia nini? Atamaliza kupulizia haraka apate hasara mapema.

#8 Mmakonde wa Newala
Dalali kasema ukweli leo, japo ni dalali.

Niongeze la mikono. Salfa haipulizwi saa yoyote. Tunaamka alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, ndipo unga unashika. Jua likichomoza vizuri unalipuliza pori, hela inakwenda kwa jirani. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiingia kwenye maua na hujapuliza, msimu umekwisha. Hayo hatukufundishwa na droni.

Lakini 2018 wanunuzi waligoma bei, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba. Kuna watu walilipwa haraka na kuna watu walisubiri hadi wakauza mota. Kijana aliyeshuhudia baba yake anauza mota hawezi kusema kilimo ni ajira. Anasema ni bahati nasibu.

#9 Jaluo wa Ahero
Habari zenu majirani. Nyinyi mnanuna, huku kwetu watu walichoma. Mei 2023 kule Kericho wananchi waliingia kwenye mashamba makubwa ya chai wakateketeza mashine za kuchuma. Mashine moja inafanya kazi ya wachumaji wengi, na wachumaji hao ndio wanaolipa karo na kukodi nyumba hapo sokoni. Mwenye shamba anasema gharama zimempita, mchumaji anasema basi mimi nile nini.

Kwa hivyo mkisema "watu hawapendi teknolojia" ulizeni kwanza ni mtu gani na yuko upande gani wa hiyo mashine. Yule mzee wa Mbarali anaipenda droni kwa sababu shamba ni lake.

#10 Jembe Butu
Tangu lini Wajaluo wanalima chai?

#11 Jaluo wa Ahero
Soma jina langu pole pole. Ahero ni mpunga. Kericho ni kwa Wakipsigis. Jembe lako limekuwa butu mpaka kwa ramani.

#12 Rubani wa Mpunga
Nimeitwa kwenye uzi huu bila kutajwa. Mimi ndiye wa droni, napulizia Mbarali na mabonde ya jirani.

Kwanza niwatoe ndoto: droni ni asilimia kubwa jenereta, maji na makaratasi, kuruka ni dakika chache. Kibali cha TCAA, wale wa usafiri wa anga, kibali cha Wizara ya Ulinzi, halafu mtendaji wa kijiji naye anataka kujua umetumwa na nani. Siku ya kazi tunafika alfajiri. Mmoja anachuja maji kwa kitambaa kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiziba pua ya kupulizia umeacha mstari mzima bila dawa, na mwenye shamba atauona baada ya wiki magugu yakisimama. Mmoja yuko kwenye betri, zikitoka angani zina moto, anazizamisha kwenye ndoo kabla ya kuchaji. Mimi nachora mipaka kwenye simu. Saa nne upepo ukianza tunafunga, hata kama mwenye shamba analia, kwa sababu dawa ya magugu ikipeperuka kwenye maharage ya jirani, tunakutana baraza la kata.

Wanaoniita si vijana. Ni wazee kama baba wa mleta mada, na wafanyakazi wa serikali wenye mashamba ya pembeni. Vijana wa mabomba ya mgongoni ndio walionichukia. Siku ya kwanza walikaa kwenye tuta wakanitazama tu, hakuna aliyesaidia kushusha ndoo. Wawili kati yao sasa ndio nafanya nao kazi. Waliobaki sijui wameenda wapi, nisiwadanganye.

Na mimi sijasoma kilimo. Nilikuwa fundi simu.

#13 Agronomia Bila Shamba
Rubani, hongera kwa kazi. Swali bila nia mbaya: kipimo cha dawa umekitoa wapi? Bomba la mgongoni ekari moja inakula maji mengi, droni inatumia sehemu ndogo sana ya maji hayo. Dawa ni ileile, maana yake tone lako ni kali mara kadhaa. Lebo nyingi za madukani zimeandikwa kwa mtu mwenye bomba. Ukikosea kwa bomba unaunguza mstari, ukikosea kwa droni unaunguza shamba.

#14 Rubani wa Mpunga
Ndiyo maana nina mtaalamu nampigia simu kabla ya kuchanganya.

#15 Jembe Butu
Unamlipa?

#16 Rubani wa Mpunga
Namrushia salio.

#17 Agronomia Bila Shamba
Mleta mada, jibu la uzi wako hilo hapo. Salio.

#18 Dodoma Kame
Mimi naona shida ni kuaminiana. Mjomba wangu yuko Mpwapwa. Mwaka fulani akaamua kuachana na mbegu ya kuchagua kwenye ghala, akaingia dukani. Kuna zile mbegu za mahindi zenye picha za wanyama, tumbili ni ya muda mfupi, tembo ni ya muda mrefu. Yeye akaona tembo ni mkubwa, hindi lake litakuwa kubwa, akachukua tembo. Muuzaji hakumuuliza unapanda wapi. Dodoma mvua ni msimu mmoja na haina adabu. Mahindi yakapanda juu, mabua mazito, kijani kinapendeza hadi watu wanasimama barabarani kupiga picha. Mvua ikakata ndevu zikiwa ndiyo zinatoka. Alivuna mabua, ng'ombe wakafurahi.

Hitimisho lake: mbegu za kisasa ni utapeli. Karudi kwenye mtama, na kijiji kizima wanamnukuu yeye. Hapo unamwambia mwanawe akasomee uzalishaji wa mbegu?

#19 Mchunguzi Huru
Mjomba wako alinusurika. Hizo mbegu za kisasa zote ni GMO, zimebadilishwa vinasaba, zinaleta ugumba, na ukipanda mara ya pili hazioti. Wazungu wana mpango wao.

#20 Binti Ukiriguru
Mchunguzi, taratibu. Umechanganya vitu vitatu kwenye sufuria moja.

Mbegu chotara ni mahindi mawili yamechavushwa kwa kupangwa, basi. Ukipanda tena punje zake zinaota vizuri tu, ila watoto hawafanani na mzazi na mavuno yanashuka, ndiyo maana unanunua kila msimu. GMO ni habari nyingine, na Tanzania hakuna mahindi ya GMO yanayouzwa kwa wakulima. Kilichokuwepo ni jaribio la mahindi ya kuvumilia ukame pale Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, lilipandwa 2016. Novemba 2018 serikali ikalisimamisha. Hilo la ugumba leta ushahidi.

Nilisoma diploma chuo cha kilimo Ukiriguru, ninachojua kuhusu mbegu feki ni kwamba zipo, na mara nyingi ni nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi. Ndiyo maana TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, waliweka lebo ya kukwangua unatuma namba kwa simu. Wangapi hapa wamewahi kukwangua?

#21 Mchunguzi Huru
Kenya wamekataa, nyie mnatetea.

#22 Jaluo wa Ahero
Kenya usitutumie ovyo ndugu. Marufuku ya GMO iliwekwa 2012, ikaondolewa Oktoba 2022 wakati wa ukame, watu wakaenda kortini, na kesi imepanda mpaka Mahakama ya Rufaa. Ukiniuliza leo tumekubali au tumekataa nitakuambia inategemea umeamka siku gani.

#23 Mama Vitunguu
Mimi vocha za simu nakwangua, lebo ya mbegu sijawahi. Nikifika dukani nina haraka, mvua imeshanyesha.

#24 Jembe Butu
Mambo ya matrekta na mashine yalishashindikana tangu Wajerumani walipoleta mradi wa karanga Kongwa. Ardhi yetu haitaki haraka.

#25 Mhenga wa Kibaigwa
Kijana, Wajerumani walishaondoka zamani. Mradi wa karanga ni wa Waingereza, 1947 hadi 1951, na si Kongwa peke yake, Urambo na Nachingwea pia. Mimi nakaa jirani na Kongwa, hiyo hadithi tumekulia.

Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3 ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Wakaleta matrekta yaliyotumika, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya jeshi. Udongo wa Kongwa masika unalimika, kiangazi unakuwa sakafu, na una mchanga mkali unaokula majembe. Mvua ndiyo hiyo aliyoisema Dodoma Kame. Zikapotea takriban pauni milioni 36. Wagogo walikuwepo pale wanalima mtama na uwele kwa sababu wanajua mvua yao. Hawakuulizwa.

Sisemi mashine ni mbaya. Kibaigwa tuna soko kubwa la mahindi kwa sababu ya matrekta na plau. Nasema aliyekuja na mashine hakuwa na habari na mahali.

#26 Pawatila Imelala
Mhenga, usiende mbali hadi 1947. Ule mpango wa Kilimo Kwanza cha Mkapa tulipewa pawatila, vitrekta vya kushika kwa mikono, wilaya nzima. Ni mashine ya majaruba, nguvu yake ndogo, sisi tuko kwenye mbuga nzito. Ikianza kukatua inaruka kama mbuzi aliyefungwa, dereva anavuta huku inavuta kule. Mkanda ukikatika spea hakuna. Ya kijiji chetu ikafungwa tela, ikawa inabeba maji na matofali. Kwa kubeba maji ilifanya kazi nzuri sana, sina ubaya nayo.

#27 Mhenga wa Kibaigwa
Kilimo Kwanza ni Kikwete, 2009. Mkapa alishastaafu.

#28 Pawatila Imelala
Aliyeileta alikuwa rais. Mkanda haujui rais gani.

#29 Tikiti Milioni Kumi
Kuna kundi mmelisahau, sisi wa mjini tulioingizwa kilimo na simu. Ekari moja mashimo 4,000, kila shina matunda 2, kila tunda shilingi 1,500, jumla milioni 12. Hesabu ya simu haina inzi wa matunda, haina kanitangaze, yule mdudu wa kwenye nyanya, haina kibarua aliyekwenda msibani na funguo ya pampu. Mwaka ule ofisini kwetu kila mtu alikuwa na shamba Bagamoyo au Mkuranga, mchana tunaonyeshana picha za mipira ya matone. Mwaka uliofuata hakuna aliyetaka kusikia. Ukimtajia matikiti anabadilisha mada anaongelea Simba na Yanga.

Mimi naamini hawa wasomi waliopigwa ndio wanaowakataza watoto. Baba wa mleta mada kataza yake ni ya tope, ya kwetu ni ya aibu.

#30 Jaluo wa Ahero
Huku hao tunawaita wakulima wa simu. Yuko Nairobi, shamba Kajiado, anauliza nyanya zimeamkaje.

#31 Kijana wa Chamwino
Napingana na mleta mada tangu post ya kwanza. Mnasema vijana hawataki kilimo. BBT, mradi wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, ilipozinduliwa Dodoma Machi 2023, nafasi za kundi la kwanza zilikuwa za vijana 812, walioomba walikuwa maelfu kwa maelfu. Hao ni vijana wanaochukia kilimo? Na wale vijana wetu wawili waliouawa Israel Oktoba 2023 walikuwa kule kwa mafunzo ya kilimo. Waliacha nyumbani kwao kukifuata.

#32 Dalali Mstaafu
Waliomba ardhi, maji na mtaji, si jembe. Ukitangaza vyote hivyo kwa ajili ya kufuga konokono utapata maombi yaleyale.

#33 Kijana wa Chamwino
Na kuna ubaya gani mtu kuomba ardhi, maji na mtaji? Wewe udalali uliuanza bila mzani?

#34 Mama Vitunguu
Mzani gani! Hao walikuwa wananunua lumbesa. Gunia linashonewa kofia juu, kilo zinazidi, bei ya gunia moja. Dalali Mstaafu, ulistaafu au ulifukuzwa?

#35 Dalali Mstaafu
Nilistaafu kwa hiari. Na lumbesa mlijaza wenyewe shambani, mimi nilikuwa nashika uzi tu.

#36 Dada wa Tengeru
Wanaume mmeongea sana, ngoja niongee na yule binti maana ndiye mwenye safari.

Mdogo wangu, uhandisi wa umwagiliaji si ubwana shamba, yaani uafisa ugani, ingawa ubwana shamba nao si tusi. Ni mabanio, mifereji, pampu, hesabu za maji kwenye mto. Kazi zipo serikalini, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, zipo kwa wakandarasi, na siku hizi kuna wanaojiajiri kwa kufunga pampu za sola na mifumo ya matone. Utajisajili kama mhandisi mwingine yeyote.

Lakini nikuandae. Nimeona hili skimu baada ya skimu: kazi ikiwa ya mkono, kupandikiza miche mgongo umeinama kutwa, ni ya wanawake. Siku ile mashine ya kupandikiza inashushwa, mwanaume anapanda kiti. Wanawake wanatoka kwenye kazi na kwenye malipo kwa siku moja. Nilienda kutoa mafunzo ya pampu sehemu fulani, niliomba wanawake 10, walikuja wanaume 10, mwenyekiti akanieleza kwamba "akina mama wameandaa chakula cha mafunzo". Kwa hiyo ukiwa mhandisi wa kike watakuuliza mhandisi yuko wapi, na wewe ndiye umeshika ramani. Zoea kujibu bila kukunja uso.

#37 Afisa Ugani Bila Mafuta
Nimeona ubwana shamba unatajwa, nimeingia. Halmashauri yangu siitaji.

Pikipiki tulipewa, nzuri. Mafuta ni mtihani wa kila mwezi. Nina vijiji ambavyo mwingine atasema ni tarafa. Mkulima akiniona ni siku mbili: siku ya kusajili mbolea ya ruzuku, na siku jani limegeuka kahawia. Kabla ya hapo mimi ni mtu wa serikali anayependa chai.

Juu ya teknolojia, niseme ninachokiona. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, inatambua magonjwa ya mihogo, batobato na michirizi kahawia, na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Haihitaji intaneti ukiwa shambani. Niliielekeza kwa mama mmoja, nikaweka simu juu ya jani, ikasema batobato. Akaniangalia. "Hilo hata mimi nalijua, mwanangu. Ulize mbegu safi naipata wapi." Simu haikuwa na jibu, na mimi nilikuwa sina. Pingili safi za mihogo kipindi hicho zilikuwa hazijafika kwetu.

Viwavijeshi vamizi ilikuwa tofauti. Walipoingia 2017 watu walikuwa wamechanganyikiwa, wanaweka majivu, mchanga, sabuni ya unga kwenye moyo wa mhindi. Mwaka ule simu yangu ilipigwa usiku. Hakuna aliyeuliza kama nimesoma au sijasoma.

#38 Binti Ukiriguru
Afisa, hapo pa mwisho pana uzi wake kabisa. Kazi yetu inaheshimiwa penye balaa tu.

#39 Mmakonde wa Newala
Si kweli Binti. Huku kwetu bwana shamba wa korosho anasalimiwa na kuku anapewa.

#40 Binti Ukiriguru
Kwa sababu korosho inauzwa. Tumerudi kwa Dalali.

#41 Mhenga wa Kibaigwa
Pamba nayo inauzwa, na wanaoisomea wako wapi? Bei peke yake haitoshi. Mtu anaangalia mwenzake aliyetangulia amefikia wapi. Mwalimu akijenga kijijini wanasema ualimu unalipa. Mtaalamu wa kilimo akistaafu anajenga mjini, shambani kamwachia shemeji.

#42 Mtoto wa Usangu
Asanteni wote. Baba nimemsomea post ya Rubani. Kasikiliza yote, kauliza gharama ya ekari moja. Juu ya mdogo wangu kasema "tutaona", na kwa baba "tutaona" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana. Mama mdogo bado yuko kwenye mifereji.

Dada wa Tengeru, ya kwako mdogo wangu kaisoma mwenyewe, mara mbili nimemwona anarudia.

#43 Mama Vitunguu
Rubani, hiyo droni vitunguu inapuliza?

#44 Rubani wa Mpunga
Vitunguu sijavizoea mama. Jani lake limesimama wima na lina nta, dawa inateleza inakwenda chini. Inabidi uweke gundi ya dawa, na kiasi gani kwa maji yangu machache, hapo ndipo sina uhakika.

#45 Agronomia Bila Shamba
Mimi nina uhakika.

#46 Rubani wa Mpunga
Njoo inboksi tuongee kazi.

#47 Agronomia Bila Shamba
Tuongee hapahapa mbele ya watu. Mshahara au salio?

#48 Jembe Butu
Rubani yuko mtandaoni, amesoma, hajajibu. Karanga zimeisha naongeza nyingine.

#49 Mgeni Jana
Habari wakuu, sijasoma uzi wote. Naomba kujua vifaranga vya kuroila Mbeya ni bei gani kwa sasa.

#50 Dalali Mstaafu
Unataka wangapi?